Kurasa Tatu Nilizofunga

Kama umefika kwenye maandishi haya kwa sababu ulishika kitu mwilini mwako ukiwa unaoga, na mpaka sasa hujamwambia mtu, kaa nami kidogo. Sitakueleza ugonjwa. Madaktari wapo, na hiyo ni kazi yao. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Katuba, na kitu ninachofundisha kila siku ni namna ya kuuliza swali. Mtoto akisema "Mwalimu, ile," namwambia: ile gani? Sema swali zima. Miaka mingi nimesema hivyo. Halafu siku yangu ilipofika, niliuliza nusu. Nusu hiyo ilinipotezea miezi saba, na miezi saba iliondoka na titi langu la kulia.

Nilikishika mwezi wa tatu, mvua zikielekea mwisho. Kilikuwa kigumu kama punje ya karanga, ndani ya titi, na baada ya wiki chache kikapata mwenzake kwapani. Hakikuuma. Nakumbuka nilimshukuru Mungu kwamba hakiumi, maana tumezoea kuamini kwamba kisichouma hakina haraka.

Nikueleze habari za watu wangu, ni wachache. Mume wangu alifariki zamani. Binti yetu Nadège anafanya kazi Kolwezi, na kila mwisho wa mwezi anarudi na mtoto wake, Grâce. Mume wa Nadège anakaa parsele, yaani kiwanja, inayopakana na yangu, kwa sababu kazi yake iko hapa, kiwandani. Mimi namwita Papa Grâce. Jina lake silitaji, na hata hapa sitaliandika.

Sababu ni ukwe. Familia yetu ilitoka Kasai wakati wa babu yangu, aliyekuja kwa kazi ya reli, na katika mizigo yake alikuja na heshima ya ukwe bila kupunguza hata kidogo. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali meza moja. Hawapeani mkono. Na mambo ya mwili hayasemwi kati yao. Hata mafua yanasemwa kwa kuzungukwa. Papa Grâce ni wa hapa hapa Katanga, kwao mambo haya ni mepesi zaidi, lakini alipomwoa Nadège alijifunza heshima yetu kama mtu anayejifunza sala, na hajawahi kuikosea neno.

Sasa, kiwandani kwake simu haziruhusiwi kuingia. Na upande wa parsele yake umeme unakatika mara nyingi, wakati nyumba yangu iko kwenye laini nyingine yenye bahati. Kwa hiyo kila asubuhi alileta simu yake ichajiwe kwangu, akasimama mlangoni, uso umeelekea barabarani.

"Mama, mumeamuka? Telefone njo hii. Iko na mega ya internet, mutumie tu."

Na mimi, uso umeelekea ukutani: "Aksanti, Papa Grâce. Weka hapo."

"Hapo" ni juu ya cherehani. Simu yangu mwenyewe ni ile ndogo ya vibonyezo, haijui intaneti. Mchana, nikitoka shuleni, nilikuwa naitumia yake kutafuta habari za masomo, au mapishi, au bei ya vitabu. Mwezi wa nne, mchana mmoja, nilikaa mbele ya cherehani nikaanza kuandika juu ya kile kitu changu.

Niliandika herufi moja ya neno titi. Nikasimama. Nikasema moyoni: hii ni simu ya mkwe. Jioni ataishika. Niliona kama ninaliandika neno hilo kwenye paji la uso wake. Nikafuta ile herufi moja, nikaandika: jipu kwapani, dawa ya nyumbani.

Kwapa linavumilika. Kwapa ni karibu na bega, na bega mtu anaweza kulitaja mbele ya mkwe.

Litazame swali hilo pamoja nami, pole pole, kama ubaoni. Kwanza, lilificha mahali penyewe. Pili, jibu nilikwisha kulitia ndani, kwa maana niliita kitu hicho jipu kabla ya mtu yeyote kuniambia ni jipu. Tatu, niliomba dawa kabla ya kuuliza ugonjwa. Simu ni mtumishi mtiifu mno. Ukimtuma sokoni akuletee chumvi, atakuletea chumvi. Hatarudi kukuambia kwamba nyumba inaungua. Ikaniletea chumvi kweli: maji ya moto na chumvi, kitambaa, mara tatu kwa siku. Nilisoma mistari ya juu, nikafunga, nikaenda kuchemsha maji.

Mwezi wa tano baridi ilianza. Siku moja nilichukua simu pale juu ya cherehani, nikaifungua, nikakuta ukurasa uko wazi. Kichwa chake kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa, na ndani yake lilikuwamo neno lile lile ambalo vidole vyangu vilishindwa kuandika. Nilishtuka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwe ndani. Nikafikiri: haya ni mambo yake na mke wake. Nikaufunga haraka, sikusoma hata mstari wa pili, na jioni nilimjibu salamu kwa sauti ya chini kuliko kawaida, kwa aibu ya kuona nisichotakiwa kuona.

Mwezi wa saba, hivyo hivyo. Ukurasa mwingine, neno lile lile, nikafunga.

Kati ya hapo nilikuwa nimepata dawa ya pili. Ilikuwa kwenye ukurasa wenye picha ya mama anayecheka, na chini yake namba ya kupiga. Chupa ililetwa na mtu wa pikipiki, maji ya kijani, machungu sana. Niliyanywa msimu wote wa baridi, asubuhi zile ambazo ukisema neno moshi unatoka mdomoni. Karanga ikawa jiwe la mto. Mimi nilisema dawa inakusanya ubaya mahali pamoja ili iutoe.

Mwezi wa tisa shule zilifunguliwa. Ndipo nilipoona kwamba mkono wa kulia haufiki tena juu ya ubao. Kila asubuhi tarehe ilishuka kidogo. Mwisho niliiandika karibu na katikati.

"Mwalimu," mtoto mmoja akasema, "leo date imeanguka!"

"Haijaanguka," nikamjibu. "Imechoka, imekaa."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Mchana wa siku hiyo nilifungua simu nikakuta ukurasa wa tatu. Safari hii nilikasirika kidogo. Nikasema peke yangu: huyu mtoto mbona hafungi vitu vyake? Nikamfungia.

Aliyenikamata ni Nadège. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, lile joto baya linalotangulia mvua. Alinikuta mbele ya kioo, nahangaika na kitambaa cha kichwa, nakifunga kwa mkono mmoja.

"Mama, nyanyua mukono."

"Nililala mubaya, ni ile tu."

"Mama. Nyanyua."

Sikuweza. Akapita nyuma yangu, akaingiza mkono wake chini ya kwapa langu, kisha mbele. Nikamwona kwenye kioo uso wake ukibadilika.

"Tangu wakati gani?"

"Kitambo."

"Kitambo gani? Kila siku ya Mungu nakupigia, nakuuliza uko muzima, unanijibu niko muzima!"

"Uko na kazi yako, Nadège. Sikutaka kukusumbua."

"Miye niko mutoto wako, siko mugeni! Bon. Kesho asubui tunaenda." Akafikiri. "Hapana. Leo."

Sasa nikupeleke kwenye benchi, maana huko ndiko tunakoishi sisi wagonjwa. Benchi la hospitali lina namna yake. Unapewa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha katoni, na ukiipoteza umepoteza siku. Kila mtu ana bahasha kubwa magotini na hakuna anayeifungua. Mwenye kuijua sehemu humwonyesha mgeni choo kiko wapi bila kuulizwa. Nilikaa benchi la kupiga picha, benchi la damu, benchi la kukatwa kipande, kisha wiki nyingi za kungoja jibu la kile kipande. Mvua ya kwanza ilininyeshea nikiwa nimetoka kuambiwa "bado."

Jibu lilipofika, daktari, mama kijana mwenye sauti ndogo, alilieleza vizuri. Nikamuuliza, ningekuja mwezi wa tatu ingekuwaje. Aliangalia karatasi tena.

"Ingekuwa bado ndogo, Mama. Pengine tungekata kidogo, titi tungeliacha."

Hakulisema kwa ukali. Ukali ungenisaidia, ningekuwa na mtu wa kumnunia.

Nilikatwa mwezi wa kumi na mbili. Maembe yalikuwa yanauzwa mbele ya lango la hospitali, na harufu yake iliingia hadi kitandani, na mpaka leo embe bivu linanirudisha pale. Siku ya kwanza ya kufunguliwa bandeji niliangalia dari. Siku ya pili niliangalia. Upande mmoja wa kifua ni wangu, upande wa pili ni kama wa mtoto wa kiume, na mstari unaokwenda hadi kwapani. Nguo zangu zote zilianza kuvutika upande mmoja. Rehema ilikuja kwa namna yake: mwuguzi wa zamu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniandikia kwenye kikaratasi mazoezi ya mkono, akakibandika ukutani.

"Mwalimu, leo miye njo nakupa devoir. Mukono juu, mara kumi. Ukikosa, unasimama kwa kona."

Nilifanya. Mara kumi, huku nalia na kucheka.

Baadaye ikaja dawa ya mshipa, ile tunayoita serumu, safari sita, kila moja baada ya wiki tatu. Mimi sihesabu mwaka ule kwa miezi. Serumu ya kwanza ilikuwa wakati wa uyoga, na sikuweza kuula, ulikuwa na ladha ya msumari. Serumu ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Na kwenye serumu ya pili hiyo ndipo nilipokutana na Mama Chola.

Mama Chola ni mwuza samaki wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula. Alikuwa amefikia kwa kaka yake hapa mjini ili apate matibabu, na alinitangulia serumu mbili, kwa hiyo alikuwa mkubwa wangu wa benchi. Mwanamke mnene, mcheshi, asiyeshusha sauti. Alisikia habari ya ile chupa ya kijani, akaniomba nimwonyeshe ukurasa wenyewe. Nikautafuta kwenye simu ya Papa Grâce. Akautazama kama anavyotazama samaki.

"Mwalimu, ukikuya kwangu kununua samaki, unaniuliza nini?"

"Bei."

"Njo maana banakuibia. Unaniuliza: alitoka wapi? Alivuliwa lini? Nani alimukausha? Halafu unafungua matamvua, unanusa." Akagonga kioo cha simu kwa ukucha wake, ambao serumu ilikwisha kuufanya mweusi. "Hii, nani aliandika? Jina iko wapi? Siku gani? Haina. Na huku chini iko na namba ya kuuza. Mwenye kuuza dawa njo huyo huyo anakuambia uko na ugonjwa gani! Huyu atakuambia uko muzima?"

Watu wa benchi walicheka. Mimi nilikuwa na diploma ya ualimu, naye alitoka shule darasa la nne, na ndiye aliyesema kweli.

Serumu ya tatu, mwisho wa mwezi wa pili, tulingoja sana. Siku zile za hospitali Papa Grâce alikuwa ananiachia simu yake kutwa nzima, ili Nadège aweze kunipata kutoka Kolwezi. Mama Chola akaniambia:

"Weye mwenyewe ulikuwa unaandikaka nini? Fungua historique tuone."

Sikujua kwamba simu inatunza kila swali. Alinionyesha: vidoti vitatu pembeni, bonyeza hapa, shuka chini. Yeye hufanya hivyo kurudia bei alizoziona juzi. Nikashuka hadi mwaka uliopita, mwezi wa nne, nikaona mambo yangu. Jipu kwapani, dawa ya nyumbani. Jipu kwapani lisilouma, wiki tatu. Jipu kwapani kwa sababu ya sabuni.

"Mm," akasema Mama Chola. "Unauliza sawa na muntu mwenye iko naiba."

Nikataka kumjibu, lakini macho yangu yalikuwa yamefika mahali pengine. Siku ile ile, mstari wa juu tu ya maswali yangu, jioni, baada ya saa ambayo simu ilikuwa imekwisha kurudi kwa mwenyewe, palikuwa na swali lingine. Liliandikwa kwa Kifaransa, kwa maneno kamili: uvimbe kwapani kwa mwanamke aliyepita miaka hamsini, hauumi, umekaa zaidi ya wiki tatu, unaweza kuwa nini. Kesho yake: uvimbe kwapani na titi. Siku nyingine: kipimo cha titi Lubumbashi, unaanza kwa daktari gani. Mwezi wa tano, mwezi wa saba, mwezi wa tisa, kila mara baada ya maswali yangu ya nusu, swali zima. Na moja ambalo nilisoma mara nyingi mpaka herufi zikaanza kuogelea: namna ya kumwambia mama mkwe kuhusu ugonjwa wa titi.

"Nani huyu?" akauliza Mama Chola.

"Mukwe wangu."

"Mukwe wako anauliza muzuri kukupita weye, mwalimu." Alipoona machozi yangu alichukua simu akaiweka kwenye mapaja yake, akanishika mkono, akapiga kelele kwa mwuguzi: "Huyu mama apite kwanza, miye nitangoja!"

Jioni hiyo, Papa Grâce alipokuja kuchukua simu yake, aliikuta juu ya cherehani kama kawaida. Mimi nilikuwa nimekaa, uso ukutani.

"Papa Grâce. Zile page zilikuwa wazi mwaka jana. Ni weye uliniachia?"

"Ni miye, Mama."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Neno ile ningeisema mbele yenu namna gani, Mama? Niliona vile mulikuwa munatafuta. Nikasoma mpaka chini, nikaogopa. Nikasema, telefone iseme pahali pangu. Nikirudi, nakuta page imefungwa. Nikasema basi, Mama amesoma. Mama anajua. Hapendi tuzungumuze."

"Sikusoma."

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Nilifunga juu ya kukuheshimu."

Nilimsikia akikaa chini, pale pale kwenye kizingiti, kitu ambacho hakuwahi kufanya nyumbani kwangu.

"Na miye," akasema, "niliacha wazi juu ya kuwaheshimu."

Hatukutazamana. Yeye barabarani, mimi ukutani, na katikati yetu cherehani na simu yenye majibu yote.

Nadège alipojua, ghadhabu yake haikunijia mimi. Ilimwendea mume wake. "Ulijua! Ulikuwa unajua, ukanyamaza!" Alisema mlango wazi, parsele zote zikasikia. Kweli Papa Grâce alikuwa amefanya kitu kimoja zaidi: mwezi wa saba alimwuliza Nadège kama mama ni mzima, Nadège akanipigia, mimi nikajibu niko mzima, na jibu langu likarudi kwake kama muhuri. Miisho miwili ya mwezi Nadège alilala kwangu, hakuvuka ukuta. Serumu ya nne na ya tano nilizipokea huku nikiwasikiliza hawasemezani, na niseme kweli, hilo liliniuma kuliko sindano. Nilimwambia: "Usimkasirikie. Yeye aliuliza swali zima. Mwenye kufunga jibu ni mimi." Alilia sana. Halafu akachukua sahani ya bukari, ugali wetu, akampelekea mumewe.

Serumu ya sita ilikuwa mwanzo wa baridi. Mama Chola alikuwa amekwisha kurudi Kasenga. Siku hiyo alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake wavuvi wanapigizana kelele, akiniuliza kama sasa najua kununua samaki.

Najua kidogo. Mapumziko ya ugonjwa yalikuwa marefu, nikayatumia kusahihisha maswali yangu ya zamani, kama madaftari. Nilichukua maswali ya Papa Grâce nikajifunza kwake. Yeye aliandika mahali, muda, umri, na kile kinachoonekana, bila kukipa jina. Hakuandika "si kansa, sivyo?" Ukiuliza hivyo utapata watu wa kukubembeleza, maana mtandaoni kuna watu wa kila jibu unalotaka. Kisha nilirudi kwenye ukurasa wangu wa kwanza kabisa, ule wa maji na chumvi. Safari hii nilishuka hadi chini. Mstari wa mwisho ulisema: kama uvimbe haupungui ndani ya wiki mbili, mwone daktari, akupime na titi pia. Tulisoma ukurasa mmoja, mimi na mkwe wangu. Mimi niliacha pale nilipopata nilichopenda. Yeye alifika mwisho.

Sasa nafungua kurasa mbili au tatu zisizotoka kwa mtu mmoja, naangalia kama zinakubaliana. Ule muhtasari wa juu unaotungwa na mashine nausoma, lakini nausoma kama uvumi wa sokoni: huenda ni kweli, nenda ukaone. Nauliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu havileti kitu kilekile. Natafuta jina la aliyeandika na siku aliyoandika. Na nikiona namba ya kuuza chini, nafunga. Huo ndio ukurasa wa kufunga. Pia nimejifunza kuacha: nikiwa na swali la kumpelekea daktari, utafutaji umekwisha, naenda benchi. Simu haiponyi. Kazi yake ni kukufikisha kwenye benchi mapema.

Lakini hayo yote, msomaji wangu, hayafai kitu kama huwezi kuandika neno lenyewe. Kama simu ni ya mkwe, ya kaka, ya padri, andika. Historia inaweza kufutwa, Nadège alinionyesha. Muda haufutiki, wala haurudi.

Mwezi wa kumi mwaka huu, joto limerudi, mkono wangu unafika juu ya ubao ukisukumwa kidogo. Asubuhi moja nilishika kitu kigumu karibu na kovu. Nilikaa mbele ya cherehani, simu ya Papa Grâce ikiwa imechomekwa, maana ilikuwa siku yake ya kupumzika na alikuwa ameileta asubuhi ile. Nikaandika yote. Titi la kulia lililokatwa, kitu kigumu kama kamba kando ya kovu, nimekiona leo, nina miaka hamsini na minane, niende hospitali leo au ningoje siku ya kipimo. Sikubonyeza. Niliita ng'ambo ya ukuta.

Alikuja akasimama mlangoni, uso barabarani.

"Papa Grâce, soma hii."

"Mama…"

"Soma. Kwa sauti."

Akaingia, akachukua simu. Alisoma polepole, kama watoto wangu wanavyosoma mwanzo wa mwaka. Alipofika kwenye lile neno sauti yake ilipotea, akaitafuta, akalisema. Hakuna kilichoanguka. Cherehani ilibaki mahali pake.

"Swali iko zima?" nikamuuliza.

"Iko zima, Mama."

Kabla ya saa nne tulikuwa kwenye benchi, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, bahasha katikati. Daktari alikandakanda, akapima kwa mashine, akasema ni kovu lenyewe linalojikaza, litalainika. Ilikuwa hivyo tu. Tulirudi nyumbani chakula cha mchana hakijapoa.

Siku moja, asubuhi hadi mchana. Niliihesabu mara nyingi kitandani, siku hiyo moja, nikaiweka kando ya ile miezi saba.

Simu bado inakuja kila asubuhi juu ya cherehani. Ukurasa ule wenye swali langu zima upo wazi mpaka leo. Yeye hakuufunga, na mimi sijaufunga.